Sungura Mweupe kwenye Majani Makavu

Nilimwonea wivu Corinne Beaulieu tangu wiki yake ya kwanza kazini, na sina haja ya kuupa wivu huo jina jingine. Kwa miaka kumi na tisa saa ya watoto ya kila Jumamosi katika makumbusho yetu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyewapa watoto wa mji huu fuvu la dubu walishike. Mimi ndiye niliyewapitishia ngozi ya fisi-maji, wakaipapasa kwenda na kurudi mpaka wakaelewa kwa nini maji ya ziwa hayamfiki mwilini. Hata baadhi ya wazazi wao walipita mikononi mwangu. Halafu akaja huyu fundi wa kujaza ngozi za wanyama waliokufa waonekane hai, miaka ishirini na tisa, mikono haitetemeki.

Bundi aliyemjaza aliinamisha kichwa kana kwamba amesikia panya chini ya theluji. Watoto wakanyamaza ili nao wasikie. Kisha mmoja akanigeukia.

"Bwana Arvid, mbona wanyama wako wote wamesimama kama wanapigwa picha ya shule?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, meno tu, moyo haumo.

Mwezi Oktoba Bi Haugen, mkuu wetu, akatuambia kwamba fedha zinatosha mtu mmoja tu wa Jumamosi. Angeamua nani baada ya kuzindua kabati jipya la kioo la Corinne. Sikulala vizuri wiki ile. Mke wangu alifariki, wanangu wako mbali. Ningenyang'anywa Jumamosi, sijui ningebaki na nini.

Siku mbili kabla ya uzinduzi nikafunua pembe ya kitambaa kilichofunika kabati hilo nichungulie. Ndani palikuwa na sungura mmoja wa porini, mweupe pe, ameketi juu ya majani makavu ya kahawia. Theluji hakuna hata chembe.

Nilifurahi, tena sana. Mtoto yeyote wa misitu hii anajua kwamba sungura wetu huwa mweupe wakati wa theluji na kahawia wakati wa kiangazi, ili paka-mwitu asimwone. Mimi mwenyewe nimelifundisha hilo kwa sungura wangu wawili, mweupe juu ya pamba, wa kahawia juu ya nyasi, kila mmoja na rafu yake. Mtu mwungwana angemwita Corinne kando akamwambia. Mimi nilirudisha kitambaa, nikaenda kunywa kahawa na vipande viwili vya keki ya limau. Aliyeko juu, mngoje chini.

Jumamosi watoto kama thelathini waliketi sakafuni. Corinne akaondoa kitambaa, akawauliza wanaona nini. Sikuweza kusubiri.

"Watoto," nikasema kutoka nyuma, kwa sauti ya kumfikia Bi Haugen, "kuna kosa hapo. Nani ataliona?"

Signe Maki, mwenye miaka minane, akanyoosha mkono akasema theluji haipo. Nikamsifu. Nikamtazama Corinne nione uso utakavyomshuka, lakini hakushuka uso. Alinitabasamia, akidhani nimeingia kumsaidia.

"Swali zuri hilo, mzee wangu," akasema. "Signe, hebu njoo utusomee lebo yake."

Kwetu hakuna mnyama aliyekufa anayeingia kwenye friza kungoja kujazwa bila lebo kufungwa mguuni: tarehe, mahali, na kilichoonekana. Signe akapiga magoti penye lebo hiyo, ambayo Corinne aliitundika kwa uzi nje ya kioo, akasoma polepole, neno baada ya neno.

"Aprili kumi na tisa. Barabara ya Ziwa Pike. Amegongwa na gari. Theluji imeisha wiki mbili, yeye bado mweupe. A. N."

Arvid Niskanen. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilimwokota mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita, nikaandika nilichokiona, nikafunga mfuniko wa friza, na Jumamosi iliyofuata nikaendelea na rafu zangu mbili, kwa kuwa rafu mbili ni rahisi kueleza.

Corinne akawaeleza watoto kwamba manyoya hayaingoji theluji. Yanafuata urefu wa mchana. Theluji ikiwahi kuondoka, sungura hubaki aking'aa kama shuka kwenye kamba, na paka-mwitu hana haja hata ya kumtafuta.

"Bwana Arvid aliliona hili kabla yetu sote," akasema. "Nimesoma lebo zake zote, friza nzima. Ndizo zilizonifundisha kazi."

Alisema bila kejeli yoyote, na hapo ndipo paliponiuma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Signe alikuwa bado amepiga magoti, lebo mkononi. Akanigeukia.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema. "Mbona hukutuambia?"

Nikamjibu kwamba nilisahau. Bi Haugen akatazama viatu vyake, nami nikajua Jumamosi zimekwenda. Corinne akasogea kando, akanipa nafasi karibu na kioo ili tumalizie pamoja, na watoto wote wakageuka kuningoja. Nilibaki palepale nyuma, uso unawaka, nikimwonea wivu hata kwa wema huo.