Swali Lililogeuzwa Juu Chini

Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi aliingia kwenye kikao shingo upande. Wodini alikuwa amemwacha wifi yake, mke wa kaka yake, aliyejifungua binti jana baada ya miaka ya kuhangaika, na roho yake yote ilikuwa huko. Lakini uongozi ulitaka kila idara itoe mawazo mapya, na ulikuwa umemleta kijana wa kuwafundisha namna ya kuyapata. Wakunga walikwisha kumbatiza Bwana Kadi, kwa ajili ya vikaratasi vyake vya rangi rangi.

"Leo hatutafuti suluhisho," alisema Bwana Kadi akivigawa. "Tunaligeuza swali juu chini. Tukitaka mtoto aende kwa mama asiye wake, tufanyeje? Kila mtu aandike jibu baya kadiri awezavyo. Baadaye tutayageuza majibu, na hapo ndipo wazo litakapojitokeza."

"We kijana, unataka tufungwe?" aliuliza mkunga mmoja mcheshi.

Wakacheka, na kalamu zikaanza kutembea. Tusiandike majina. Tuwavishe wote nguo za kufanana. Tuwakabidhi gizani. Bwana Kadi alibandika vikaratasi ukutani huku akitabasamu. Kisha mkunga wa zamu ya asubuhi, mwanamke mpole asiyependa makuu, akasoma chake: "Wakati wa kuwaogesha tuwavue utepe wa jina, tuziweke tepe zote dirishani, tuwavishe baadaye."

Kicheko kilianza, kikakatika njiani.

"Si ndivyo tunavyofanya?" mtu alisema kutoka nyuma.

"Zikilowa wino unafutika," mkunga alijibu, akijitetea.

Muuguzi mkuu alimgeukia. "Leo umeogesha wangapi?"

"Wawili tu. Binti wa wifi yako, na wa yule mama wa kitanda cha mlangoni."

"Mmoja mmoja? Ukamvisha wa kwanza ndipo ukamvua wa pili?"

Mkunga alikitazama tena kikaratasi chake. "Nadhani."

Hilo "nadhani" ndilo lililomtoa muuguzi mkuu kitini. Alishuka ngazi mbio, yeye aliyezoea kuwakaripia wengine kwa kukimbia hospitalini.

Wifi yake alikuwa akinyonyesha. "Wifi, mbona unamtazama mwanangu hivyo? Ana nini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Angesema hana kitu, angepima kimyakimya, na majibu yakiwa mazuri, yangeishia hapo. Badala yake akavuta kiti katikati ya vitanda viwili, akawaeleza wote wawili kwa sauti ya chini.

Mama wa mlangoni, fundi cherehani, alimkumbatia mtoto wake kwa nguvu. "Huyu ni wangu. Hamniondolei mtu hapa."

 Wifi alimtazama mtoto aliyempakata, akamtazama wa jirani, akamrudia wake.

"Kaka yako umemwambia?" aliuliza.

"Bado."

"Usimwambie kwanza."

Mpimaji wa maabara alikuja akachukua damu. Watoto walilia kwa pamoja, na kila mama aligeukia vilio vyote viwili. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Muuguzi mkuu alinyoosha mashuka yaliyokwisha kunyooka. Kila mlango ulipolia, aligeuka.

"Kama si yeye," wifi aliuliza bila kuinua macho, "huyu niliyekwisha kumpenda nimpeleke wapi?"

Muuguzi mkuu alikuwa amewafariji wazazi wengi wodini humo. Siku hiyo alimshika mguu juu ya blanketi, basi.

Mpimaji alirudi mwenyewe. "Mama wa mlangoni ana kundi la damu AB. Mtoto aliye kwa wifi yako ni O. Mama wa AB hazai mtoto wa O, na walioogeshwa ni wawili tu. Kila mmoja yuko kwake."

Wifi alilia hadi akapata kwikwi. Fundi cherehani hakulia. "Mwanangu haogeshwi tena mahali nisipomwona," alisema. "Hata nikiwa nimelala, mtaniamsha."

Kule juu hakuna aliyekuwa ameondoka. Mkunga wa asubuhi alikuwa amekaa peke yake, macho mekundu, na Bwana Kadi alikuwa ameacha kutabasamu.

"Wako sawa," alisema muuguzi mkuu. "Kwa bahati tu." Akaketi ubavuni mwa mkunga yule, bega kwa bega. "Utepe wa plastiki usiofutika, usivuliwe kabisa. Na mtoto aogeshwe kando ya mama yake. Andika, mwenzangu, wazo ni lako."

Mkunga aliandika pole pole. Wengine walirudi kwenye vikaratasi vyao, na safari hii hakuna aliyetania. Waliandika mpaka ukuta ukajaa, na muuguzi mkuu aliposogea kuvisoma, alivisoma kimoja kimoja kwa hofu, akijiuliza ni kipi kingine walikuwa wakikifanya kila siku.