Leo Kweli Hauumi

Majaliwa aliletwa Jumapili jioni kwa pikapu ya Husseni, amelazwa juu ya magunia matupu ya korosho, na jezi mpya bado ipo mwilini. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waruhusiwe, kila mmoja alijitafutia timu ya mpira ya kufadhili, na Husseni aliichukua ya Newala. Kule Masasi, mechi ikikaribia kwisha, beki mmoja alimpiga Majaliwa teke la muundi. Mfupa ulivunjika, ngozi haikupasuka.

Mzee Gerson, mkuu wa kituo chetu cha afya cha misheni, aliunyoosha mguu akaufunga plasta hadi pajani, akaacha vidole wazi. Mimi nilikuwa tabibu msaidizi, miezi mitano tangu nitoke chuoni. Kazi yangu ilikuwa kuvitazama vidole hivyo kila baada ya saa mbili.

"Mguu unauma?" nilimuuliza Jumatatu asubuhi.

"Hauumi, daktari."

Nilikivuta kidole gumba taratibu kuelekea juu. Alitabasamu, lakini jasho lilimtoka kwenye paji la uso na mkono ukang'ang'ania chuma cha kitanda.

"Majaliwa, niambie kweli. Bila maumivu yako sitajua kama plasta inabana."

"Dada, mimi nilikatwa jandoni sikulia. Leo nimlilie binti kwa teke la mpira?"

Wodi nzima ilicheka. Mama yake, aliyekuwa mkekani, alicheka kwa fahari. "Huyo ndivyo alivyo tangu zamani," alisema.

Nilimkuta Mzee Gerson akinywa chai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Nahisi plasta ya Majaliwa inambana. Naomba tuipasue."

"Amelalamika?"

"Hapana."

"Sasa mguu unamuuma yeye au unakuuma wewe?" Alicheka hadi chai ikamwagikia kisahani. "Ukiikata, mfupa ukahama, Newala nzima nitaiambia nini? Mwekee mto, subiri."

Nilikuwa na maneno mengi. Kwamba vidole vimevimba, kwamba vimeanza kupoa kwa kukosa damu, kwamba jasho lile si la joto. Nilisema, "Sawa, Mzee," nikaenda kutafuta mto.

Mchana alisema hauumi. Jioni alisema hauumi, na mdomo wake wa chini ulikuwa na damu pale alipouuma kwa meno.

Jumanne asubuhi nilimkuta ameketi, anakunywa uji. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Leo kweli hauumi, daktari," alisema. "Jana nilikudanganya, unisamehe. Ulikuwa unaniua. Lakini alfajiri umeacha wenyewe."

"Mungu mkubwa," alisema mama yake.

Nilikivuta kidole gumba. Aliendelea kunywa uji. Nikachukua sindano nikamchoma juu ya vidole, mara moja, mara mbili. Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anamwomba mama yake aongeze sukari.

Nilichukua mkasi mkubwa wa plasta bila kumuuliza mtu. Nilikata kuanzia vidoleni kwenda juu. Mzee Gerson aliingia nikiwa nimefika gotini. Alifungua mdomo anifokee, kisha akaitazama ile sehemu niliyoifunua. Nyama ilikuwa ngumu kama gogo, inang'aa, na chini yake mguu ulikuwa umepauka na kupoa kama wa maiti.

Aliugusa. Mkono wake ukabaki pale.

"Jana uliniambia saa ngapi?" aliuliza polepole.

"Saa nne, Mzee."

Alitoka. Nilimsikia nje akimwita dereva kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akisema gari liondoke sasa hivi kwenda hospitali kubwa, na kwamba wapasuaji wa huko waandaliwe.

"Afadhali umeitoa hiyo plasta," alisema Majaliwa, akiutazama mguu wake kwa furaha. "Nilishachoka nayo. Niambie, ni wiki ngapi mpaka nicheze?"

Mama yake alikuwa ameshasimama, kikombe cha uji mkononi, ananitazama mimi na si yeye.

"Kaa, Mama Majaliwa," nilisema. "Weka kikombe chini kwanza."