Sufuria ya Nafisa

Mama Sellah hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu. Aliamini kila salamu inamla pesa, na mwenye kampuni ya simu hamjui wala hajawahi kumletea hata sukari. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka 2009 alipompigia Nafisa, alisema yote kwa pumzi moja.

"Mulembe, Nafisa. Bomba imefika. Nimetoa sufuria yako kwa msumari. Kuja tukunywe chai."

Akakata.

Nafisa alikuwa kwao Tuwan, mjini Kitale, mikono imejaa povu la sabuni. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka peke yake. Kisha akaona machozi yanamtoka, akajifuta kwa bega na kuacha nguo zilivyo kwenye karai. Siku hiyohiyo akashika njia ya Kimilili na Chwele kuelekea Bungoma, na njia nzima hakufikiria lingine ila ile sufuria.

Mwaka 2004 chuo kikuu kilimpeleka kufanya utafiti katika kijiji kimoja karibu na Mabanga. Mradi wao ulikuwa na jina refu: haki ya mazingira na ustahimilivu wa jamii. Mama Sellah, aliyepewa kumlaza, alilisikiliza jina hilo mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Sasa hiyo yote ni kuuliza kama tunapata shida?"

"Ni hivyo, mama."

"Si ungesema tu. Ingia ndani."

Siku ya pili aligundua mgeni wake ni Mwislamu. Hakuuliza maswali. Alienda sokoni, akanunua sufuria mpya, akapigilia msumari wake peke yake ukutani, na aliyethubutu kuigusa alijuta. Akitaka kumchinjia kuku, kuku huyo alipelekwa akiwa hai mpaka mjini, kwa Mzee Abdihakim wa karibu na msikiti, kisha akarudi kijijini ndani ya kikapu. "Kuku yako inajua Bungoma kuliko mimi," Mama Sellah alikuwa akilalamika, na wiki iliyofuata alimtuma mwingine.

Chai ndiyo iliyomteka Nafisa. Maji yalitoka kisimani, bondeni nyuma ya migomba, mahali wanawake walipokutana alfajiri kuchekana na kusengenyana. Yalikuwa baridi na mepesi, si kama ya Kitale yaliyonuka mabomba. Alikunywa kikombe, akaongeza, akaongeza tena.

"Mama, maji yenu yana nini?"

"Yako na utamu yake tu."

Hizo ndizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi, na hakujua wakati huo, kama sote tusivyojua.

Juu ya mteremko kulikuwa na kiwanda kilichotia dawa nguzo za umeme. Miti ya mikaratusi iliingia myeupe ikatoka na rangi ya kijani, ikachuruzika dawa uani mwa kiwanda siku nzima, na mvua ilipokuja iliosha uchafu wote kuuteremsha bondeni. Nguzo zenyewe zilibebwa na malori kwenda kuangaza kwa watu wengine. Pale kijijini waliendelea kuwasha koroboi.

Mwaka uliofuata maabara ya chuo, iliyopelekewa maji ya kisima, ilimjibu Nafisa swali lake. Maji yale yalikuwa na sumu ya dawa ya nguzo, tena sumu isiyotoka kwa kuchemshwa. Alisoma majibu yale akiwa amesimama, na mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni Nangila, mkaza mwana wa Mama Sellah. Nangila alikuwa na mimba, na kutwa nzima alikuwa akinywa maji ya pale.

Walirudi kuwaambia watu. Mkuu wa mradi, Daktari Wakhungu, alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Kikao kilifanyika uani kwa Mama Sellah, na hapo ndipo watu wa chuo walipoharibu mambo bila kujua: walikuja na katoni ya maji ya chupa, wakaiweka mezani mbele ya macho ya kila mtu. Kila mara daktari alipokauka koo alifungua chupa. Wanawake hawakumsikiliza tena. Waliangalia chupa. Mgeni huko hunywa kilicho nyumbani, na anayekuja na chake anasema kwamba wenyeji wake ni wachawi.

"Mwenye kiwanda alisema maji ni sawa," mzee mmoja alinung'unika. "Hawa wanataka tu kutufungia kisima."

"Ati sumu, na babu zetu walikunywa hapo," mwingine akadakia.

Watu wakaanza kuinuka. Mama Sellah, ambaye hakuweza kuvumilia ugomvi kwenye uwanja wake, alitoka jikoni na sufuria ya Nafisa inayotoa mvuke. Alimmiminia Nangila, kisha akamimina kikombe cha pili. Akafanya kama wenye nyumba wa kule wanavyofanya tangu zamani: alionja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Chai ikiwa bado mdomoni, akamnyooshea Nafisa kikombe.

Nafisa alikipokea na kile kikombe kikamuunguza vidole. Akinywa, maneno yote ya daktari yamekufa na Nangila ataendelea kunywa. Akikataa, amemtukana mbele ya kijiji mwanamke aliyempigilia msumari ukutani.

"Mama," alisema. "Tafadhali, tema."

Hakuna aliyewahi kusikia mgeni akisema neno kama hilo. Mama Sellah alimtazama, mashavu yamejaa. Kisha akageuka pembeni, akatema. Akamwendea Nangila, akamnyang'anya kikombe na kukimwaga chini.

"Huyu mtoto hajawahi kukataa chai yangu hata siku moja," aliwaambia watu. "Alikuwa anamaliza sufuria, bana. Kama leo anakataa, kuna kitu."

Akaimwaga sufuria yote kwenye migomba, akaiosha, akairudisha kwenye msumari wake. Hakupika ndani yake tena.

Tangu siku hiyo walichota mbali, kwenye kisima cha kuchimbwa upande wa Mabanga, ndoo vichwani, na wako waliomlaani Nafisa kila shingo ilipouma. Mama Sellah na wenzake walizunguka ofisi moja baada ya nyingine, Daktari Wakhungu akiwaandikia na Nafisa akiwasindikiza, wakaambiwa warudi kesho mpaka kesho zenyewe zikachoka. Mwishowe kiwanda kikaamriwa kuhama. Bomba likachelewa, lakini likaja.

Sasa Nafisa aliingia uani na kukuta chai tayari. Kisima kilikuwa kimezibwa, na njia ya kushukia bondeni imemea nyasi. Binti wa Nangila, mzima kabisa, alikuwa akicheza na maji ya bomba na kugombezwa.

Mama Sellah alimimina kikombe, lakini hakuonja.

"Leo onja wewe kwanza," alisema. "Ukisema ni sawa, tutakunywa."

Nafisa akaonja, akameza. "Ni sawa, mama."

"Ni tamu kama ile?"

Nafisa aliona jinsi mama huyu alivyozeeka, na shingo iliyobeba ndoo miaka yote hiyo kwa sababu ya neno lake moja. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Lakini kwa Mama Sellah hakuwahi kusema uongo juu ya chai.

"Hapana, mama. Ile ilikuwa tamu kuliko hii."

Mama Sellah akashusha pumzi, akaketi karibu naye kwenye benchi.

"Mimi naikumbukanga kila asubuhi," alisema polepole. "Nilikuwa naogopa kukwambia."

Akachukua kikombe mkononi mwa Nafisa, akanywa, akamrudishia.