Ngoma ya Nashon Juu ya Ngong

Haya niliyasikia kwa Celine mwenyewe mwaka wa tisini na sita, Jumatatu ya Pasaka. Alikuwa ameketi mlangoni kwangu hapa Kisumu Ndogo, Kibera, akichagua omena, wale dagaa wa ziwani, magoti yote mawili yamechubuka. Nikamuuliza, "Mama Mitchelle, umegongwa na nini?" Akacheka. "Na mlima, Dani."

Kanisa lao ni lile la kanzu nyeupe, watu wa hapa Kibera pamoja na wale wa mtaa wa Kabiro. Kila mwaka kabla ya Pasaka hupanda Ngong, kile kilele kirefu kuliko vingine vyake, kuomba na kufunga. Mpigaji huibeba ngoma mwenyewe mpaka juu. Mwingine haigusi, na chini haitui. Miaka yote mpigaji alikuwa Nashon, mume wa Celine. Nashon akafa, ngoma ikabaki bila mtu.

Mzee Obiero, mkubwa wa kanisa, alitaka kumpa kijana Osewe wa Kabiro. Celine akasimama katikati ya ibada. "Hiyo ngoma imekaa nyumbani kwangu kuliko hata watoto. Nitaipandisha mimi."

Mzee akafikiri. "Basi ipande na ilie kule juu. Ikikataa, ni ya Osewe."

Siku ya kupanda, lori la mchanga likawashusha chini ya mlima. Viatu wakaacha kwa lori, kama desturi. Celine akaifunga ngoma mgongoni kwa leso, kama mtoto.

Osewe alikuwa nyuma yake. "Mathe, huo mlima si ngazi ya posta. Rudi ukauze omena."

"Omena nitauza kesho. Wewe angalia kanzu yako, unaikanyaga."

Mlima ule si mrefu sana, lakini umesimama kama ukuta. Nyasi zilikuwa na umande, ardhi inateleza. Penye mawe Celine aliteleza mbele. Akaacha magoti yapige jiwe, lakini mikono akairudisha nyuma kushika ngoma. Haikugusa chini. Osewe akanyoosha mkono amsaidie.

"Usiiguse!"

"Nakushika wewe, mathe, si ngoma."

"Hata mimi usinishike."

Akainuka. Damu ikamfuata mguuni, naye akaendelea, akipumzika kila penye kichaka, bila kuketi, maana ukiketi na ngoma mgongoni itagusa.

Kufika juu, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Akafungua leso, akapiga. Ngoma ikatoa sauti kama sufuria yenye unga. Ngozi ilikuwa imelegea kwa ule unyevu.

Nyumbani angeiweka karibu na jiko ikauke. Lakini siku ya kufunga kanisa hilo halibebi moto, hata kiberiti, mtu asije akatamani chai.

Osewe akanyoosha mikono aipokee. "Imekataa."

"Haijakataa. Inasikia baridi," Celine akasema. "Mzee, endeleeni na makofi."

Akaupa upepo mgongo, akaingiza ngoma ndani ya kanzu, ngozi juu ya tumbo, akajifunika leso. Akawa anaisugua kwa kiganja, polepole, wenzake wakiimba. Hakuketi. Nyimbo zikaisha, wakaanza tena za kwanza. Ukungu ukapasuka, jua likatoka, huku mabati ya Nairobi yakimeta na kule bonde likishuka hata macho yakaogopa. Akaitoa, akailaza uso juani mikononi mwake, akangoja tena. Kisha akapiga.

Ikalia. Watu wakaruka.

Mzee Obiero akasema, "Irudi ilikokuwa inalala."

Osewe akajikuna kichwa. "Mathe, mwaka ujao utanifundisha?"

"Kwanza jifunze kupanda mlima ukiwa umenyamaza."

Jioni hiyo Celine aliosha magoti kwa maji ya chumvi, akanywa uji. Ngoma akaiweka kitandani, upande wa Nashon, akaifunika, ili asubuhi isiwe imelegea tena. Alitaka kusali, lakini usingizi ukamkuta mkono uko juu ya ngozi.