Kipimo cha Renatha

Tangu mama yao afariki, Renatha ndiye aliyebaki na mdogo wake Dastan kwenye kibanja cha wazazi karibu na Rubya, na swali la kama Dastan amekunywa dawa lilikuwa limegeuka kuwa salamu yake na majirani. Dastan alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Goziba, alikokwenda kuvua, akiwa anasikia watu wasioonekana wakimsema. Dawa za kliniki ziliwapunguza sauti watu hao, hazikuwanyamazisha. Renatha alizoea kulala sikio likiwa wazi, kama mama mwenye kichanga, ingawa kichanga chenyewe kilikuwa na ndevu.

Nesi wa kliniki ndiye aliyewaambia habari za utafiti wa Bukoba. Kulikuwa na daktari aliyeitwa Nuriat, anayepima umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo mtu anaposikia mlio, ili aelewe maradhi kama ya Dastan yanabadilisha vipi namna ubongo unavyopokea mambo. Alihitaji wagonjwa, na pia ndugu zao wazima wa kulinganisha nao. Renatha alikubali kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Alitumaini mashine ingekiona kinachomsumbua Dastan, na kikishaonekana kitatolewa.

Walilala Ijuganyondo, hapo hapo Bukoba, kwa shangazi yao Theopista, wakafika kwa daktari asubuhi nywele zikiwa zimeoshwa bila kupakwa mafuta, kama walivyoagizwa. Renatha alikuwa amefumua misuko yake yote. Dokta Nuriat, mwanamke wa rika la Renatha mwenye sauti ya upole, aliwakaribisha na kuwaeleza kila hatua. Renatha alipouliza majibu yatatoka lini na matibabu yataanza lini, daktari aliweka kalamu chini.

"Dada, nisikudanganye. Hiki kipimo hakitibu. Na majibu ya mtu mmoja peke yake bado hayatuambii cha kumsaidia. Tunakusanya ya watu wengi, ndipo tuone kitu."

Uchovu wa safari ukamrudia Renatha wote kwa mara moja. Angeweza kuinuka na kuondoka, ila Dastan alikuwa ameshakaa kwenye kiti.

"Wale wanaonisema," Dastan aliuliza, "mashine yako itawasikia?"

"Haitawasikia. Haisomi mawazo. Inaona tu kwamba ubongo umeitikia mlio."

Dastan aliitazama kofia ya kipimo iliyokuwa mezani. Renatha hakuweza kujua kama amefarijika au amevunjika moyo. Kisha akasema, "Basi nivalishe."

Akavalishwa kofia yenye nyaya nyingi, kichwa kikapakwa ute wa baridi, feni ikazimwa ili isivuruge kipimo. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Masikioni ingelia milio minene, mmoja baada ya mwingine, na mara chache ungetokea mlio mwembamba. Huo mwembamba ndio wa kubonyezea kitufe. Renatha alimtazama kupitia kioo cha mlango, akingoja arushe kofia chini. Dastan hakurusha kitu. Alikaa wima, kidole kikiwa tayari, na alipotoka jasho lilikuwa likimtiririka. Daktari alisema kipimo kimetoka safi na karibu milio yote ameikamata.

"Walikuwa wanasema," Dastan alimwambia dada yake, "lakini nilikuwa na kazi."

Ikafika zamu ya Renatha. Kiti kilikuwa na mgongo laini, mlango ukafungwa, na akaambiwa asifanye lolote isipokuwa kusikiliza. Alibonyeza mlio mwembamba wa kwanza, na uliofuata. Kilichokuja baada ya hapo hakukijua, mpaka mkono ulipomgusa bega. Daktari alimwambia mawimbi ya ubongo wake yamepungua kasi, amesinzia. Wakaanza upya, akalala tena. Walipojaribu kwa mara nyingine, alilala kabla hata mlio mwembamba haujalia.

Alivuliwa kofia akiwa ameinamisha uso. "Mgonjwa ni yeye," alisema, "na mimi ndiye niliyeshindwa."

"Hujashindwa. Umelala tu. Mara ya mwisho kulala mpaka kukakucha ilikuwa lini?"

Renatha alijaribu kukumbuka. Alirudi nyuma mpaka msiba wa mama, akavuka hata hapo, asipate jibu. Machozi yakamtoka bila sauti. Daktari alimweleza kwamba kipimo chake hakitatumika, kwa kuwa ubongo uliolala hauwezi kulinganishwa na ulio macho, na kwamba anaweza kurudi siku nyingine. Alimshauri pia aongee na ndugu wamsaidie.

Dastan alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari, mwache alale," alisema.

Renatha alilazwa kitandani chumba cha pili, Dastan akakaa nje kwenye benchi mpaka alasiri. Waliporudi Ijuganyondo, Dastan alimwomba shangazi amruhusu kubaki kwake kwa muda, yeye asaidie palizi, na shangazi amsimamie dawa. Theopista alisita waziwazi, akatazama kitambaa cha meza, halafu akakubali mpaka msimu wa kahawa. Renatha alipinga. Alieleza dawa ipi hunywewa kabla ya chakula, akaeleza tena. Mwishowe akaondoka peke yake.

Haikupita wiki, shangazi akapiga simu. Dastan alikuwa amekataa dawa asubuhi na kugombana na jirani. Renatha alikuwa ameshafunga mfuko wa safari, simu ikiwa bado sikioni, aliposikia sauti ya Dastan.

"Nimeshakunywa, dada. Nimemwomba jirani radhi. Usije."

Renatha alibaki amesimama, mfuko mkononi, hajui auweke wapi. Kisha akauweka juu ya kitanda, akajilaza kando yake na kanga yake ya safari mwilini, mchana kweupe, mlango wa mbele ukiwa wazi.