Mchuma Karafuu Mjini Fort Worth

Lubna alipomwambia baba yake kwamba anataka kujifunza kupanda miti, Abdulhafidh alifurahi.

"Vyema, mwanangu," alisema. "Ule uwanja wako wa Pearland mkavu mno. Anza na mlimau."

"Siyo kupanda huko, Baba. Kupanda juu. Ku-climb."

Walikuwa jikoni kwa wazee, mtaa wa Alief, Houston, Jumapili mchana. Hadiya, mamake Lubna, aliacha kukunja sambusa akageuka na mikono yake ya unga. Lubna akaona bora aseme yote kwa mpigo mmoja. Mwuguzi mwenzake hospitalini, Whitney, alikuwa amemfundisha kutumia upinde. Miaka miwili sasa alikuwa akilenga shabaha kila wiki. Kozi ya uwindaji ameimaliza, leseni anayo. Alitaka kuwinda kulungu kwenye msitu wa umma kaskazini ya Houston, na ili kulungu asikuone wala asikunuse, inabidi uwe juu ya mti. Na kwa kuwa msitu ni wa watu wote, huruhusiwi kupigilia msumari wala kuacha kitu. Kila unachopandia unakwenda nacho mgongoni na kurudi nacho.

"Nime-research miezi sita," alisema. "Kuna duka Fort Worth, wana kila aina, na nyuma wana miti ya kujaribia. Jumamosi nakwenda kuchagua. Nataka tuende wote, Baba."

"Mtoto wa kike juu ya mti!" Hadiya alisema. "Abdulhafidh, hebu sema neno."

Abdulhafidh alikuwa akitazama kikombe chake cha chai. Lubna alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu alipokuja Amerika akiwa na miaka saba hakuwahi kumwona baba yake akigusa hata ngazi. Balbu za dari alizibadilisha mamake. Watoto waliamini kwamba ni uvivu, na yeye aliwaacha waamini hivyo.

"Nitakwenda," alisema.

Hadiya alimtazama sana mumewe. Ila Abdulhafidh mwenyewe alijua anakwenda kwa nini. Alikuwa anakwenda kumkatalia binti yake mbele ya hivyo vifaa vyenyewe, aonyeshe kwa kidole kasoro ya kila kimoja, mpaka moyo wake upoe.

Jumamosi Lubna aliendesha gari. Mzee aliyekuwa dereva wa teksi Houston kwa miaka ishirini na moja hawezi kukaa kiti cha abiria akatulia. Mpaka wanapita Corsicana, mguu wake wa kulia ulikuwa umeshakanyaga breki isiyokuwepo mara mia.

"Baba, mguu."

"Mguu umelala tu."

"Umelala unakanyaga?"

Walicheka. Baadaye, huku akitazama nje, Abdulhafidh akauliza, "Hiyo miti ya huko msituni, namna gani?"

"Misonobari. Na mialoni."

"Imenyooka?"

"Misonobari imenyooka. Mialoni mingi imepinda."

"Ina matawi ya chini? Gamba lake linabanduka, au limeshika?"

Lubna aligeuza uso kumtazama, naye akamwambia atazame barabara. Mzee hakuuliza tena mpaka walipofika.

Duka lilikuwa ghala la bati pembezoni mwa mji, na mwenyewe alikuwa Sheldon, mzee mrefu wa ndevu za mvi ambaye alimpa mkono Abdulhafidh kwanza, kisha binti. Hilo lilimpendeza Abdulhafidh ingawa alikuja na nia ya kutopendezwa. Sheldon aliwapeleka uani, penye nguzo kadhaa za mbao na miti mitatu ya kweli, mmoja wao mwaloni uliopinda kama kiwiko.

Cha kwanza alichowaonyesha ni kiti cha vipande viwili kinachokumbatia shina. Unakaa kwenye kipande cha juu, unavuta cha chini kwa miguu, unasimama, unasukuma cha juu, na hivyo hivyo unapanda pamoja na kiti chako.

"Kwa mnazi kingefaa sana," Abdulhafidh alisema kwa Kiswahili. "Mwambie, likitokea tawi, kinapitaje?"

Lubna akatafsiri, ingawa baba yake Kiingereza alikijua vizuri. Sheldon alikubali kwamba hakipiti. Inabidi upate shina lililonyooka, lisilo na tawi mpaka huko uendako.

"Basi, hicho akae nacho."

Cha pili kilikuwa jukwaa dogo la alumini lenye kiti cha kitambaa, la kufungwa mtini kwa mikanda, pamoja na ngazi ya vipande vinne vifupi, kila kimoja unakifunga juu ya mwenzake. Hiki ndicho Lubna alichokuwa amekipenda kwenye video. Alikaa, akasema ni kama sofa. Abdulhafidh alikinyanyua chote kwa mkono mmoja, akakiweka mgongoni kwa bintiye.

"Tembea," alimwambia. "Zunguka ua mara kumi."

Mara ya sita Lubna alikuwa anahema. Abdulhafidh akagonga chuma kwa vifundo vya vidole. Kililia kama sufuria.

"Huyo kulungu ana masikio, hana?"

Sheldon hakukasirika. Alianza kumtazama yule mzee kwa jicho jingine, jicho la fundi kwa fundi.

Abdulhafidh aliona kazi yake inakwenda vizuri. Limebaki swali moja tu, lile alilolibeba tangu Alief, na alijua hakuna duka lenye jibu lake. Safari hii aliuliza mwenyewe, kwa Kiingereza.

"Mguu wake ukitoka chini mpaka afike juu, amefungwa na nini?"

Sheldon alijikuna ndevu. "Wengi wanapanda hivi hivi," alisema. "Wakishafika juu ndiyo wanajifunga."

"Na wanaoanguka?"

"Ni hao hao," Sheldon alikiri. "Ndio wengi wanaoanguka."

Abdulhafidh akamgeukia binti yake, na yale maneno aliyokuwa ameyapanga hayakutoka. Yalitoka mengine.

"Amu yako Ubeid alianguka," alisema.

Lubna alisimama na mzigo mgongoni. Aliijua picha ya Amu Ubeid, ile ndogo iliyofifia iliyokaa ndani ya msahafu wa babake. "Ulisema alikufa ghafla."

"Ghafla ndiyo. Hukuniuliza ghafla gani, na mimi sikutaka kuulizwa."

Akamweleza palepale, katikati ya ua wa watu, huku Sheldon akijipa shughuli ya kukunja mikanda mbali kidogo. Akamweleza kuwa kwao Mtambile, Pemba, msimu wa karafuu ukifika kila mwenye miguu alipanda. Mikarafuu ni mirefu, na tawi lake halitoi ishara, linakatika tu. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, kakake ishirini na mbili. Ubeid alikuwa mchumaji hodari kuliko wote shambani, anafika vilele ambavyo wengine waliviacha.

"Watu walisema alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe, Lubna. Alikuwa na kamba, na alijifunga vizuri. Alifungua ili ahamie tawi jingine. Basi. Ni pale tu kati ya kufungua na kufunga. Mimi nilikuwa mti wa pili, nilikuwa nasema naye. Alikuwa ananicheka kwa kuwa pakacha langu halijajaa."

Lubna aliweka mzigo chini. Alimshika baba yake mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyowashika wagonjwa, ila kwa nguvu zaidi.

Sheldon aliporudi alikuwa ameshika kitu ambacho Abdulhafidh alidhani ni tandiko la punda mdogo: kitambaa kipana cha kukalia, cha kufunga kiunoni na mapajani, chenye kamba mbili.

"Hiki watu wengine hawakipendi," alisema. "Hakuna kiti. Unaning'inia kwenye kamba, miguu imekanyaga kibao kidogo. Lakini swali lako lina jibu hapa."

Akaeleza. Kamba ya kwanza inazunguka shina tangu uko chini, na unapanda nayo kwa ile ile ngazi ya vipande, hatua kwa hatua. Ukifika kwenye tawi, kabla hujaigusa hiyo, unafunga ya pili juu ya tawi. Ya pili ikishakubeba, ndipo unafungua ya kwanza. Hakuna wakati hata mmoja ambao huna kamba.

"Mbili," Abdulhafidh alisema.

"Mbili," alisema Sheldon.

Abdulhafidh alizipitisha zile kamba vidoleni, inchi kwa inchi. Akaangalia mshono. Akalifungua fundo linalojikaza lenyewe, akalifunga upya, akalivuta. Alitafuta kasoro kwa uaminifu wote aliokuja nao kutoka Houston. Kisha akavua koti.

"Baba, hapana."

"Niwekee hii kofia."

"Una miaka sitini na tatu! Una pressure!"

"Nimekunywa dawa asubuhi. Nishikie kofia."

Alichagua ule mwaloni uliopinda. Sheldon alimfunga, akakagua mara mbili, akasogea nyuma. Kipande cha kwanza cha ngazi kilimtoa jasho. Cha pili, mikono ikaanza kufanya mambo bila kumwuliza. Kwenye tawi alisimama, akafunga kamba ya pili juu, akaivuta, akaivuta tena, ndipo akafungua ya kwanza. Kisha akaegemea nyuma, akaachia mikono yote miwili.

Kamba ikambeba.

Alikaa huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika kujaribu kifaa. Kule chini alimsikia Sheldon akiuliza mzee amejifunzia wapi.

"Alikuwa mchuma karafuu," Lubna alijibu. "Pemba." Na namna alivyolitamka neno hilo, Abdulhafidh hakuwahi kumsikia akilitamka neno teksi hivyo, ingawa teksi ndiyo iliyomsomesha.

Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi la gamba. Kisha akawa mteja msumbufu kupita alivyokuja. Vile vipande vya ngazi virefu mno, akasema, binti hatakiwi kunyoosha mguu mpaka nyonga itetemeke. Sheldon akaleta vifupi, na vyepesi. Vifungo vya chuma vya mikanda vinalia, akasema, kwa nini vipande visifungwe kwa kamba? Sheldon akaleta vya kamba. Kibao cha kukanyagia akakikanyagakanyaga kwa kisigino. Kila kitu kilipoingia kwenye mfuko mmoja, Lubna alizunguka ua mara kumi na tano na kurudi anatabasamu.

"Lakini huubebi msituni," Abdulhafidh alisema, "mpaka niseme mimi."

Alisema baada ya wiki saba. Kila Jumapili walifunga vifaa kwenye mti wa uani Alief, kwanza shubiri moja kutoka ardhini, halafu urefu wa mtu, halafu wa watu wawili. Abdulhafidh alisimama chini na swali lake lile lile, "Umefunga? Umevuta? Haya fungua." Lubna alilalamika kwa Kiingereza kwamba yeye si mtoto. Hadiya aliapa hatatazama. Wiki ya tatu alitoa chai nje, wiki ya nne akatoa na kiti chake, na wiki ya tano ndiye aliyepiga kelele, "Hukuvuta! Lubna, hukuvuta!" Na kweli, hakuwa amevuta.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya mapumziko ya Lubna, waliingia msituni baada ya adhuhuri. Lubna alipanda mwaloni karibu na kijito. Abdulhafidh alikaa chini mbali kidogo, ameegemea msonobari, ameamriwa asikohoe. Saa kumi na moja kasorobo akatokea kulungu jike, anakanyaga majani kama mtu anayepita nyumbani kwa watu waliolala.

Abdulhafidh hakumsikia binti yake akisema bismillahi, ila aliiona midomo yake. Upinde ukatoa mlio mdogo. Kulungu aliruka, akakimbia hatua arubaini hivi, akalala.

Lubna alibaki akining'inia. Kisha akaanza kushuka kwa haraka, na Abdulhafidh, aliyekuwa ameshasimama, akauona mkono wake ukienda kwenye fundo. Alifungua mdomo. Mkono ukasita. Lubna akapumua, akafunga kamba ya chini, akaivuta, akaivuta tena, ndipo akafungua ya juu. Abdulhafidh akafunga mdomo wake.

Walimkuta kulungu roho imeshatoka. Lubna alipiga magoti akaweka kiganja shingoni mwake, akalia, na babake hakumwambia anyamaze. Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Video ya kupasua niliitazama mara nyingi," alisema. "Lakini sasa siwezi kukumbuka hata kitu kimoja."

"Lete kisu," Abdulhafidh alisema, akikunja mikono ya shati. "Shika mguu huu. Siyo huo. Huu."

Kazi ilipokwisha walimfunga kulungu miguu wakaanza kumburuta, wakipumzika kila hatua hamsini, wakigombana njia. Baba alisema gari liko kushoto. Binti alisema simu inaonyesha kulia. Walikwenda kulia, na saa kumi na mbili na nusu wakaliona gari, liko peke yake kandokando ya barabara ya vumbi. Lubna alifungua buti, akajinyoosha mgongo.

"Baba, wewe shika kichwa."

"Kichwa kizito. Shika wewe, ndiye uliyempiga."

Wakahesabu mpaka tatu, wakanyanyua.