Mheshimiwa Anyolewa Jangwani

Mwanamume akishafikisha miaka hamsini na miwili, hata uongo wake unatakiwa uwe umekomaa. Wa kinyozi huyu haukukomaa. Aliropoka tu, siku ile Sista alipokaa kwenye kiti chake kupunguzwa nywele na kumuuliza, bila kumtazama hata kwenye kioo, "Hivi wewe, mbwa unawapenda?"

"Nimekua nao," akasema kinyozi. "Kwetu walikuwa wanalala chini ya kitanda changu."

Ukweli ni kwamba mbwa pekee aliyewahi kumkaribia alimng'ata tako la kushoto akiwa darasa la tatu, na kovu lipo mpaka leo, ingawa si la kuonyesha wageni. Tangu hapo akiona mbwa huvuka barabara, hata kama upande wa pili ni matope matupu. Lakini aliyeuliza alikuwa Sista, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mjane wa miaka minne, ambaye kinyozi alikuwa amemnyoa kila mwezi kwa mwaka mzima huku moyo ukimdunda kama wa mwanagenzi aliyeshikishwa wembe kwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja kabla alikuwa amejikaza kiume akamwambia anataka kumuoa. Sista hakucheka wala hakununa. Alisema atafikiri, na sasa alikuwa amekuja na masharti.

"Kila mwaka nikipata likizo naenda jangwani na mbwa wangu, siku nne," alisema. "Twende wote. Wakikukubali, nakujibu hukohuko. Wakikukataa, basi, tusisumbuane. Utaendelea kuwa kinyozi wangu."

Mtu mwenye akili angekumbuka kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kinyozi hakuwa na akili, alikuwa na mapenzi, na hivyo viwili havikai chumba kimoja. Alikubali kabla hata hajamtoa mteja kitambaa shingoni.

Gari lilikuwa pikapu ya milango minne ya mdogo wake Sista, fundi makanika ambaye mji mzima ulimwita Spana. Kinyozi alifika alfajiri na begi kubwa lenye mashati manne mapya, moja kwa kila siku, lile jeupe likiwa limetengwa kwa siku ya jibu. Akakuta nafasi zimeshagawanywa. Spana kwenye usukani, Sista ubavuni mwake. Kiti cha nyuma, mbwa watatu. Bodi ya nyuma, pamoja na madumu ya maji, mahema na magodoro, yeye.

"Usituelewe vibaya, bwana kinyozi," Spana alimwambia. "Hawa wana haki ya foleni. Wamelipanda gari hili kabla yako."

Aliwatambulisha kupitia dirishani. Aliyekuwa anarukaruka ni Kiherehere. Yule mnene, anayekutazama kana kwamba anajua ulichofanya jana, ni Shangazi. Na yule dume mweusi mwenye manyoya marefu mpaka magotini ni Mheshimiwa, aliyekuwa wa marehemu shemeji yake. Spana hakuishia hapo, maana ulimi wake haukuwa na breki. Alieleza kwamba wachumba watatu walishakuja kumposa dada yake na wote wakamalizwa na Mheshimiwa. Mwalimu wa hesabu alichaniwa suruali. Muuza vipuri aliondoka na kiatu kimoja. Wa tatu, wakili, alitorokea dirishani, na mpaka leo hajarudi kuchukua mkoba wake.

Kinyozi alicheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe, kisha akaenda kukaa juu ya dumu.

Jangwa lenyewe halikuwa kama alivyolitarajia. Alifikiri atakuta mchanga laini wa kwenye kalenda. Alikuta changarawe nyeusi iliyotandazwa mpaka macho yanapochoka, upepo wa vumbi linaloingia hadi kwenye meno, na kivuli kimoja tu, cha mwamba, ambacho nacho kilikuwa kinahamahama siku nzima. Walipiga kambi hapo. Sista aliiendesha kambi kama chumba chake cha upasuaji. Viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya nge. Maji ya mbwa kwanza, ya watu baadaye, na ya kuoga ni hadithi. Anayekwenda haja anakwenda na koleo na anarudi na koleo.

Jioni ya kwanza kinyozi alijaribu kusogeza kiti karibu na Sista. Mheshimiwa aliinuka, akaja akajilaza katikati yao, akanguruma kidogo, kwa adabu, jinsi mwenyekiti anavyokohoa kikao kikianza. Kila kinyozi alipofungua mdomo kusema jambo tamu, mngurumo ulirudi. Mtu aliyezoea kumzungumzisha mteja yeyote juu ya lolote alijikuta anaongelea hali ya hewa, ambayo huko ilikuwa ya aina moja tu. Sista alikunywa chai yake na kuwatazama wote wawili.

Siku ya pili asubuhi wakagundua dumu moja limepasuka njiani na maji yake yote yamekwenda, na yaliyobaki hayafiki siku ya nne. Kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kwenda tu. Sista na Spana wakapanda.

"Nakuachia watoto wangu," alisema Sista. "Si umekua nao?"

"Wakikula, tutakuzika vizuri," Spana aliongeza, akaondoa gari.

Kwa saa nzima kinyozi alisimama juu ya sanduku la vyombo. Mbwa hawakuwa na habari naye. Jua lilipopanda, kivuli cha mwamba kilibaki kamba nyembamba, na wote watatu wakajibana hapo, ndimi nje, mbavu zikipanda na kushuka. Wa kutisha zaidi alikuwa Mheshimiwa. Alihema mpaka mwili mzima ukawa unatikisika, na lile koti lake la manyoya likatikisika naye.

Kila fani ina ugonjwa wake. Mwashi akiona ukuta hutafuta palipopinda. Kinyozi akiona nywele nyingi mkono unamwasha. Na kwenye begi, chini ya mashati, alikuwa na mashine yake ya kunyolea, kitambaa cha wateja na betri mbili zilizojaa. Hakuna aliyemtuma abebe vifaa vya kazi likizoni, lakini muulize fundi yeyote kama analala mbali na vyake. Akawaza: mimi nina kipara na shati jepesi, na natokota. Hawa wamevaa makoti! Huruma ikamshika, huruma ya kweli kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu ikauzidi woga. Akashuka kwenye sanduku.

Alianza na Kiherehere, aliyetulia kwa namna ambayo hata Sista hajapata kuiona, na akamwachia panki ndogo, kishungi cha manyoya kichwani, maana mkono wa fundi haupiti bure. Shangazi akafuata, mgongo, tumbo, shingo, kazi safi. Kisha akamwendea Mheshimiwa kwa mwendo wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mbwa alimtazama. Akanguruma. Kinyozi akawasha mashine, na ule mlio laini ulipogusa shingo, Mheshimiwa alifumba macho, akaweka kidevu juu ya goti lake.

"Mkubwa, tupunguze pembeni au tushushe zote?" kinyozi aliuliza, kwa mazoea tu.

Mteja akinyamaza, amekubali. Akashusha zote. Na kwa kuwa kinyozi hawezi kunyoa kimya, alimsimulia Mheshimiwa habari za mpira, habari za paa la duka linalovuja, na mwishowe akamwambia yale ambayo hajamwambia mtu. "Nampenda mama yako, mkubwa. Siyo utani. Nimechoka kupika chakula cha mtu mmoja, nikakila nimesimama. Mwezi anapokuja yeye, naanza kufagia duka siku tatu kabla." Mheshimiwa alipiga mkia chini mara moja.

Gari liliporudi, kinyozi alisimama mbele ya kazi yake kifua mbele. Spana alishuka, akaona, akarudi ndani ya gari na kufunga mlango ili acheke bila kumvunjia dada yake heshima. Sista alishuka polepole. Mbele yake walikuwa mbwa watatu walio uchi, waridi na kijivu kama wamenyonyolewa, mmoja akiwa na panki.

"Umefanya nini?"

"Walikuwa wanaona joto, Sista. Nimewapunguzia."

"Umewapunguzia?" Alipiga magoti akagusa mgongo wa Mheshimiwa. Ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. "Manyoya ndiyo kivuli chao, wewe! Jua linaishia kwenye manyoya, ngozi haiguswi. Na likishazama, hapa maji yanaganda kwenye kikombe. Hukuwanyoa, umewavunjia nyumba. Mtu aliyekua na mbwa hajui hilo?"

Kinyozi alificha mashine nyuma ya mgongo.

"Kuchamba kwingi," Spana alianza kupitia dirishani.

"Na wewe nyamaza!" Sista aliinuka akipangusa magoti. "Kesho asubuhi tunarudi mjini. Jibu lako nadhani umeshalipata."

Ilimuuma kinyozi kuliko meno ya mbwa yeyote. Alikaa kidogo juu ya jiwe la moto bila kujua ni la moto. Halafu akainuka, kwa sababu mbwa walikuwa wanaungua na hilo halikungoja amalize kujihurumia. Alichukua turubai la kufunikia mizigo akalifunga kwenye mwamba, na kila kivuli kilipohama, yeye na turubai walihama. Akafungua begi, akavua na shati alilovaa. Kiherehere akavishwa shati la buluu, mikono imekunjwa. Shangazi, kwa upana wake, alihitaji mawili, moja mbele na moja nyuma. Mheshimiwa akavishwa lile jeupe na kufungwa vifungo mpaka shingoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu aliyavulia nguo kwelikweli, maana jua lilipozama na baridi kushuka kwa kishindo, Shangazi alichukua sweta, Kiherehere akaviringishwa kwenye suruali, na blanketi likawa la Mheshimiwa. Kinyozi aliwaingiza wote watatu katika hema lake dogo, akafunga zipu, akabaki na chupi na kile kitambaa cha kuwafungia wateja shingoni. Sista aliyaona yote hayo akiwa kwenye kiti chake.

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, Sista alifungua zipu ya hema lile. Alikuta Kiherehere miguuni, Shangazi ubavuni, na Mheshimiwa amejilaza juu ya kifua cha kinyozi, shati jeupe limekunjamana, pua iko chini ya kidevu cha mwenzake, anakoroma. Kinyozi alikuwa macho, amekauka kama gogo.

"Mheshimiwa," Sista aliita kwa kunong'ona. Mbwa akafumbua jicho moja, akamtambua, akalifumba. "Msaliti mkubwa wewe."

"Sista, kabla hujasema," kinyozi alisema bila kutikisa kidevu. "Sijakua na mbwa hata mmoja. Nilikudanganya. Niling'atwa nikiwa mdogo, nawaogopa mpaka leo. Kovu ninalo."

"Liko wapi?" aliuliza, kwa mazoea ya kazi.

"Mahali ambapo siwezi kukuonyesha kabla ya ndoa."

Kicheko kilimponyoka Sista kabla hajakiruhusu. Kisha akakaa chini pale mlangoni pa hema, kwenye changarawe ya baridi, na kicheko kikaisha.

"Na mimi nilikudanganya," alisema. "Nilikuleta huku ukataliwe. Wale wengine hawakukataliwa na mimi, walikataliwa na huyu. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema tu, pole, mbwa hajakupenda. Ilikuwa rahisi. Nimemzika mume mmoja, sina nguvu ya kumzika mwingine. Nikasema kinyozi mwembamba vile, Mheshimiwa atammaliza kwa siku moja. Sasa mtazame alivyolala." Alimpapasa mbwa sikio. "Imebidi nijibu mwenyewe. Na naogopa, kinyozi. Naogopa sana."

Kwa wiki tatu kinyozi alikuwa ameandaa hotuba ya wakati kama huu, yenye utangulizi na hitimisho. Yote ilimtoroka.

"Mimi nimelala na watatu," alisema. "Kila mmoja alipojigeuza nilijua ndiyo basi tena. Na usifikiri woga umeisha. Bado naogopa, hata huyu wa kifuani, sijavuta pumzi kamili tangu jana. Lakini nimelala nao."

Sista alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, ingawa asubuhi ile upepo ulikuwa umetulia. Nje, Spana alikuwa anagonganisha masufuria.

"Dada!" alipaza sauti. "Nikunje mahema au nichemshe chai?"

Sista alivuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia.

"Chemsha chai," alijibu. "Na ulete suruali yako moja. Shemeji yako hana nguo."

Huko nje sufuria lilianguka. Kisha zikasikika mbio za Spana kwenye changarawe, na suruali ikatangulia kuingia hemani kabla yake. Kinyozi alitaka kuinuka aipokee, lakini Mheshimiwa alikuwa bado hajaamka.